Mwalimu Hapimwi kwa Kilo



Katika mikutano ya viongozi, wafadhili na wataalamu wa elimu, kuna fikra moja inayopata nguvu mwaka hata mwaka. Inasema hivi: serikali isikipe chuo fedha kwa sababu tu kipo na kina wanafunzi. Ikipe fedha kadiri ya matokeo yake. Zihesabiwe diploma zilizotolewa, wanafunzi waliomaliza kwa wakati, wahitimu waliopata kazi. Na kwa vyuo vya ualimu, zitazamwe hata alama za watoto wanaofundishwa na wahitimu hao. Chuo kinachozaa sana kipewe zaidi, na kinachozaa kidogo kipunguziwe. Ndugu zetu wa Tanzania wana jina lake kwa Kiswahili: mpango wao wa elimu ulioanza mwaka 2014 uliitwa Lipa Kulingana na Matokeo. Kwetu Kongo, vituo vingi vya afya vimekwisha kuujua utaratibu huo, na katika miaka iliyofuata mradi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2015 kwa ajili ya sekondari na vyuo, maneno «mkataba wa utendaji» yameingia pia katika taasisi zetu za elimu ya juu.

Fikra hii inavutia, wala hatupaswi kuwadharau wanaoitetea. Nani kati yetu asiyechoka kuona fedha za umma zikipotea njiani kati ya Kinshasa na darasa? Nani asiyemfahamu mwanafunzi aliyelipa ada miaka mitano, akatoka chuoni bila kuandaa hata somo moja la kufaa? Mtu akisema kwamba fedha zifuate kazi iliyofanyika, moyo unaitika mara moja: ni haki.

Hata hivyo nasema wazi tangu mwanzo kwamba, kwa vyuo, na zaidi kwa vyuo vya ualimu, fikra hii ni potofu. Imejaribiwa kwa muda mrefu katika nchi tajiri, zenye takwimu nzuri na wakaguzi wanaolipwa, nayo haikutimiza ahadi yake. Ikiletwa kwetu jinsi ilivyo, itawaumiza kwanza wale ambao chuo cha ualimu kilijengwa kwa ajili yao: mtoto wa kijijini anayetaka kuwa mwalimu, na mtoto wa kijijini anayemngoja mwalimu huyo.

Jambo hili si geni

Wengi hudhani kulipa elimu kwa matokeo ni uvumbuzi wa wachumi wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, chini ya usimamizi wa Robert Lowe, ilitoa kanuni mpya ya ruzuku za shule za watoto wa maskini. Tangu hapo sehemu kubwa ya fedha za shule ilitegemea mahudhurio ya watoto na mtihani ambao mkaguzi alimpa kila mtoto katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akishindwa, shule inapoteza fedha. Lowe aliwaahidi wabunge kwamba utaratibu huo utakuwa wa gharama ndogo au utakuwa wenye tija, lazima mojawapo.

Kilichotokea kimeandikwa na wakaguzi wenyewe. Walimu waliacha masomo yasiyolipiwa, kama historia na jiografia, wakabaki na yale matatu. Watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea mpaka wakakijua kwa kichwa, wakaonekana wanasoma kumbe wanakumbuka tu. Siku ya ukaguzi, hata watoto wagonjwa waliletwa shuleni ili wahesabiwe. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule kwa miaka 35, alilalamika kwamba mafundisho yamegeuka kazi ya mashine. Ruzuku za vyuo vya ualimu nazo zilifungwa na idadi ya wahitimu waliokwisha kuhudumu shuleni, na idadi ya vijana waliojiandaa kuwa walimu ikapungua sana katika miaka iliyofuata. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya Waingereza kuuondoa utaratibu huo kabisa, katika muongo wa 1890.

Marekani na hesabu ya diploma

Tuvuke bahari. Jimbo la Tennessee, nchini Marekani, lilikuwa la kwanza kufunga sehemu ya fedha za vyuo vyake na matokeo, mwaka 1979. Mwanzoni ilikuwa nyongeza ndogo, asilimia chache tu juu ya bajeti ya kawaida. Mwaka 2010 sheria mpya ya jimbo hilo iligeuza mambo: karibu fedha zote ambazo jimbo linagawia vyuo vyake zikaanza kupita katika hesabu ya matokeo. Ohio ikafanya vivyo hivyo, Indiana pia, na katika miaka iliyofuata takriban majimbo 30 yalikuwa na utaratibu wa namna hii, mahali pengine mdogo, mahali pengine mkubwa.

Basi, je, wanafunzi wengi zaidi walimaliza masomo? Watafiti wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka 10, na majibu yao yanakaribiana. Katika jimbo la Washington, vyuo vya miaka miwili vilipoanza kulipwa kwa hatua za mafanikio, vilitoa vyeti vingi zaidi vya muda mfupi, lakini diploma kamili za miaka miwili hazikuongezeka. Katika Indiana, vyuo vikuu vya umma vilianza kuwa vigumu zaidi kuingia, vikachagua wanafunzi kwa ukali zaidi, huku idadi ya wahitimu ikikosa kupanda kwa sababu ya utaratibu huo. Watafiti wengine walipolinganisha vyuo vinavyopokea hasa Waamerika weusi na watu wengine wa jamii za wachache, walikuta kwamba katika majimbo yenye utaratibu huo vyuo hivyo vilipoteza fedha kwa kila mwanafunzi. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilikusanya tafiti nyingi zilizofanywa kabla yao. Wakahitimisha kwamba, kwa jumla, faida haikuonekana au ilikuwa ndogo, na madhara yalionekana: milango kufungwa kwa wasio na bahati, na vyuo kujifunza kucheza na hesabu.

Angalieni jambo moja la pekee. Watunga sheria wa Tennessee walijua hatari hiyo mapema, ndiyo maana waliweka nyongeza, asilimia 40 mwanzoni, kwa kila mhitimu anayetoka katika familia maskini au aliyerudi masomoni akiwa mtu mzima. Kwa nini walihitaji nyongeza hiyo? Kwa sababu walielewa kwamba, bila hiyo, hesabu yenyewe inakiambia chuo: usimpokee maskini, atakupotezea fedha. Utaratibu unaohitaji dawa dhidi yake wenyewe tangu siku ya kwanza unapaswa kututia shaka. Na dawa hiyo inawezekana tu pale ambapo serikali inajua kwa hakika ni mwanafunzi yupi anayetoka katika familia maskini. Je, Kongo tuna daftari hilo?

Walimu wapimwe kwa alama za watoto?

Kwa vyuo vya ualimu, Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Oktoba 2016 wizara ya elimu ya serikali kuu yao ilitoa kanuni iliyolitaka kila jimbo kuipanga kila programu ya ualimu katika madaraja, toka ile yenye ufanisi hadi ile duni, kwa kutazama pamoja na mengine maendeleo ya wanafunzi wanaofundishwa na wahitimu wake. Programu iliyoshindwa kupata daraja zuri kwa miaka kadhaa ingenyima wanafunzi wake msaada fulani wa masomo, msaada uliowekwa hasa kwa vijana wanaokubali kwenda kufundisha katika shule zenye shida. Bunge liliifuta kanuni hiyo miezi michache baadaye, Machi 2017, kabla haijatumika kikamilifu.

Ingalifaa kama ingalibaki? Watafiti wawili walirudia hesabu za majimbo sita yaliyokuwa yamejaribu kupima vyuo vya ualimu kwa alama za watoto. Walikuta kwamba tofauti halisi kati ya programu moja na nyingine ni ndogo mno, na sehemu kubwa ya tofauti iliyoonekana ni bahati tu, kama mtu anayerusha sarafu mara kumi na kuamini kwamba upande mmoja una kipaji. Chama cha wanatakwimu wa Marekani nacho kilikuwa kimekwisha kuonya mwaka 2014: kwa mujibu wa tafiti nyingi, mwalimu anaeleza kati ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti za alama za wanafunzi. Zinazobaki zinatoka kwingine: nyumbani, katika afya, katika umaskini, katika wingi wa watoto darasani, katika vitabu vilivyopo au visivyopo.

Tufikiri pamoja. Ikiwa mwalimu mwenyewe, anayesimama mbele ya watoto kila siku, ana sehemu hiyo ndogo katika alama zao, basi chuo kilichomfundisha miaka mitatu iliyopita kina sehemu gani? Na kwa sehemu hiyo ndogo isiyopimika sawasawa, tutakatia chuo mishahara?

Kwa nini hesabu hii hupotosha

Sababu ni tatu, nazo zinafuatana.

Ya kwanza: chuo kinalipwa kwa jambo ambalo hakilimiliki. Mwanafunzi haachi masomo kwa sababu ya chuo peke yake. Anaacha kwa sababu baba amefariki, kwa sababu shamba limevamiwa, kwa sababu ada imeshindikana, kwa sababu ujauzito umekuja na familia imemfungia mlango. Kukiadhibu chuo kwa mambo haya ni sawa na kumkata muuguzi mshahara kwa sababu ya mvua iliyoleta malaria.

Ya pili: anayelipwa kwa idadi hutafuta njia ya mkato kuifikia idadi. Njia zipo mbili, zote rahisi kuliko kufundisha vizuri. Anaweza kuchagua mlangoni, akapokea wale tu ambao wangefaulu hata bila yeye. Au anaweza kulegeza kipimo mwishoni, akampitisha kila aliyefika. Katika ile ya kwanza maskini wanabaki nje. Katika ile ya pili wanaingia, wanatoka na karatasi, lakini watoto watakaofundishwa nao ndio watakaolipa deni. Pande zote mbili ripoti inapendeza.

Ya tatu: fedha zinahama toka kwa mhitaji kwenda kwa aliyeshiba. Chuo chenye maabara, maktaba na wanafunzi waliosoma shule nzuri kitatoa wahitimu wengi kwa wakati, kitapewa zaidi. Chuo kisicho na umeme, kinachopokea vijana waliofanya Mtihani wa Taifa bila kuwahi kuona darubini, kitachelewa, kitapunguziwa. Mwaka wa pili kitachelewa zaidi, kwa maana kimepunguziwa. Utaratibu huo unamwondolea maji mche unaokauka, kisha unauita mvivu.

Na kwetu Kongo?

Wapendwa, tuyatazame sasa maisha yetu wenyewe, kwa maana hapa ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi.

Katika Tennessee, jimbo lilikuwa linagawa fedha ambazo kweli lilikuwa linazitoa. Kwetu, taasisi za juu za ualimu, zile tunazoziita ISP, tangu Bukavu mpaka Lubumbashi, zinaishi kwa sehemu kubwa kwa ada za wanafunzi na jasho la wazazi wao. Mchango wa serikali ni hasa mishahara, ambayo haimfikii kila mfanyakazi, na gharama za uendeshaji zinazokuja kidogo au kwa kuchelewa. Huwezi kumwambia mtu «nitakulipa kwa mavuno» hali hujampa jembe, mbegu wala shamba. Kabla ya kuzungumza juu ya kulipa kwa matokeo, ni haki kuuliza: malipo yenyewe yako wapi?

Pili, tunajua tayari kile ambacho idadi hufanya katika shule zetu. Mtihani wa Taifa umekuwepo tangu mwaka 1967. Ni shule ngapi katika miji yetu zinazotangaza kwa fahari kwamba zimefaulisha asilimia 100? Vijana wa kikundi chenu watawaambia siri ya asilimia hizo: baadhi ya wanafunzi dhaifu waliombwa kuhama mwaka wa tano, ili wasiiharibu sifa ya shule katika mwaka wa sita. Hakuna aliyelipwa fedha za serikali kwa tendo hilo. Sifa tu imetosha kuleta dhambi hii. Itakuwaje fedha zikiongezwa juu ya sifa?

Tatu, na hili tulitaje bila kuficha: katika nchi yetu pointi huuzwa. Huuzwa kwa franka na dola, na mara nyingine hudaiwa kwa mwili wa msichana. Kila mwanafunzi anajua, kila mzazi anashuku, na wenye ujasiri wa kushtaki ni wachache. Leo hii uongozi wa chuo ulio mwaminifu una angalau sababu moja ya kupambana na uovu huo: kila diploma ya uongo inaiharibu taasisi. Lakini siku ambayo kila diploma italeta fedha za uendeshaji, hata kiongozi mwaminifu atashawishika kufumba macho. Mhadhiri mkali anayekataa kumpitisha asiyejua ataitwa adui wa bajeti. Mhadhiri mlegevu ataitwa mtendaji bora. Tutakuwa tumeupa uovu wetu wa zamani baraka za serikali.

Nne, vita. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, shule zilifungwa, benki zilifungwa, familia nyingi zilikimbia kwa mara ya pili au ya tatu. Mhadhiri aliyeendelea kufundisha wanafunzi kumi waliobaki, bila mshahara, katika chumba kisicho na madirisha: matokeo yake ni nini katika hesabu ya mfadhili? Wanafunzi kumi. Chuo cha mji wenye amani kitakuwa na mia tano. Nani kati yao alistahili kusaidiwa kwanza?

Kuna pia jambo linalohusu shule zetu za Kikatoliki. Serikali ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, kisha ikazirudisha chini ya usimamizi wa makanisa kwa Mapatano ya mwaka 1977, baada ya kuona kwamba haiwezi kuziendesha peke yake. Nyingi kati ya shule hizo ziko mbali, mahali ambapo barabara imekwisha. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa Septemba 2019, kama inavyoagiza ibara ya 43 ya Katiba, madarasa yake yamejaa. Zinahitaji walimu kuliko wakati wowote. Chuo kitakachohesabu wahitimu waliopata kazi upesi na yenye mshahara mzuri kitawaelekeza wapi wanafunzi wake? Mjini, katika shule za kulipia, au katika mashirika ya misaada. Mwalimu anayekwenda kijijini akafanya kazi miaka kadhaa akisubiri jina lake liingizwe katika orodha ya mishahara ya serikali ataandikwa kuwa mhitimu asiye na kazi. Hesabu itamhukumu yeye na chuo chake kwa pamoja, ilhali yeye ndiye anayeshika taifa mkono.

Tuwajibu wanaopinga

Watetezi wa utaratibu huu watatuuliza: basi mnataka fedha zitolewe bila kuulizwa? Mnalinda uvivu wa wahadhiri na wizi wa wakuu?

La, hatulindi. Uvivu upo, na wizi upo. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kutaka hesabu ya fedha ni jambo moja. Kununua diploma ni jambo jingine. Mwizi wa ada hakamatwi kwa kuhesabu wahitimu. Anakamatwa kwa kufungua daftari la mapato na matumizi. Mhadhiri asiyefika darasani hagunduliwi kwa kutazama idadi ya diploma mwishoni mwa mwaka wa tatu. Anagunduliwa na mkaguzi anayefika Jumanne asubuhi bila kutangaza. Hesabu ya matokeo inamruhusu mkubwa kukaa ofisini na kusoma jedwali. Ukaguzi wa kweli unamlazimisha kupanda gari, kuketi dawatini na kusikiliza somo. Usimamizi wa namna hii ni wa gharama, ni wa taratibu, na hauna mbadala.

Watasema tena: vituo vya afya vilifaidika na mikataba ya utendaji, kwa nini vyuo visifaidike? Inawezekana kweli kwamba kituo fulani kilipata dawa na wauguzi wake wakapata posho kwa njia hiyo. Tusimnyime mtu haki yake. Lakini chanjo huhesabika: mtoto amechomwa au hajachomwa. Mama amejifungulia kituoni au nyumbani. Ualimu hauhesabiki hivyo. Diploma inaweza kutolewa bila elimu kupatikana, na elimu inaweza kupatikana bila kuonekana mpaka miaka kumi ipite. Kipimo kinachofaa kwa sindano hakifai kwa malezi ya mwalimu.

Watasema mwishowe: kila kitu kikiachwa bila kipimo, hakuna kitakachobadilika. Hapo tunakubaliana nao. Tunataka vipimo. Tunataka kujua wanafunzi wangapi wanaacha masomo na kwa nini. Tunataka kujua mwalimu mpya anashindwa wapi. Lakini tunataka vipimo hivyo vituonyeshe mahali pa kupeleka msaada. Mganga hupima homa ili ampe mgonjwa dawa. Hapimi ili amfukuze kitandani.

Tunachodai

Kwanza, serikali itimize sehemu yake isiyo na masharti: mishahara kamili ya wahadhiri na wafanyakazi, na gharama za uendeshaji kwa kila ISP ya umma, kwa wakati uliotangazwa. Fedha hizi si zawadi ya utendaji mzuri. Ni msingi ambao bila huo hakuna utendaji wa kupimwa.

Pili, nyongeza itolewe mlangoni na si kwenye kizingiti cha kutokea. Chuo kinachopokea vijana wa vijijini, wasichana kutoka familia zisizo na kitu, na waliokimbia vita kipewe zaidi kwa sababu kimewapokea na kwa sababu kuwafundisha kunahitaji kazi kubwa zaidi.

Tatu, kila chuo kibandike ubaoni, mahali pa wazi, ada zilizopokelewa na jinsi zilivyotumika, kwa Kifaransa na kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Wawakilishi wa wanafunzi wapewe haki ya kuuliza maswali bila kuogopa kupoteza mwaka wao.

Nne, staji ya ualimu ifanywe kuwa kitovu cha mafunzo. Leo wanafunzi wengi hujigharimia usafiri na chaki katika staji zao. Mwalimu mkongwe anayewapokea darasani apewe muda na posho ya kuwalea, na amfuate mwalimu mpya katika miaka miwili ya kwanza ya kazi. Kama lazima kutafuta matokeo, ndiyo haya: kijana anayesimama mbele ya watoto 80 bila hofu na bila fimbo.

Tano, kuwe na njia salama ya kumshtaki anayeuza pointi, na adhabu ionekane. Diploma isiyouzwa itajitetea yenyewe.

Ninyi vijana mna sehemu gani?

Mtaniambia kwamba mambo haya huamuliwa Kinshasa na Washington, nasi tuko mbali. Si kweli kabisa. Wengi wenu mnasoma katika ISP au mtaingia humo mwaka ujao. Wengine mtakuwa walimu, wengine viongozi wa elimu, mmoja atakuwa katika chumba ambamo mkataba wa namna hii unatiwa saini. Siku hiyo ukisikia mtu akitaja «idadi ya wahitimu» kana kwamba ndiyo elimu yenyewe, inua mkono. Uliza: mtalipa kwa nani aliyeingia, au kwa nani aliyetoka tu? Uliza: aliyeachwa nje ameandikwa wapi?

Na kabla ya siku hiyo, kazi ni ya hapa hapa. Usinunue pointi, hata kama wenzako wote wamenunua. Usimcheke anayerudia mwaka kwa uaminifu. Anakulindia thamani ya diploma yako. Ukipelekwa staji katika shule ya mbali, nenda, ukafundishe kana kwamba mkaguzi bora duniani ameketi nyuma ya darasa, kwa maana watoto ndio wakaguzi hao. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Chuo kinachotoa karatasi kinaweza kuneemeka mwaka mmoja au miwili. Kijiji kilichopokea mwalimu asiyejua kitaumia kwa kizazi kizima.

Serikali ikitaka kununua kahawa, ipime kwa kilo, ilipe kwa kilo. Mkulima wa Kalehe atafurahi. Ikitaka walimu, iwalee.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika shule tulizosoma, ni wanafunzi gani waliozuiliwa au kuhamishwa ili asilimia ya kufaulu ibaki juu? Wako wapi leo?

2. Je, chuo kilicho karibu nasi kinawaonyesha wanafunzi na wazazi jinsi ada inavyotumika? Kama hakionyeshi, ni nani awezaye kuomba, na kwa njia gani ya amani?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwanafunzi mmoja wa ualimu mwaka huu amalize staji yake bila kukwama kwa sababu ya nauli au vifaa?